Barua ya wazi kwa Baraza la Jiji: usalama wetu utoke kwenye "Mengineyo"

Mheshimiwa Meya, Naibu Meya, waheshimiwa madiwani, ndugu Mkurugenzi na wakuu wa idara,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia kama mkazi, mlipa kodi na mtu anayefuatilia vikao vyenu vya wazi kwa karibu. Ningeweza kupeleka barua nyingine masijala, igongwe mhuri na kuingia jaladani. Nimeona niandike hadharani kwa sababu haya ninayoyasema si yangu peke yangu, na majibu yake yanastahili kusomwa na wengi.

Ajenda ya kikao cha baraza huwa na mpangilio tunaoujua: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa za kamati, masuala ya fedha, na mwisho kabisa, Mengineyo. Malalamiko ya wananchi kuhusu usalama huangukia hapo mwisho. Yanapofikiwa, muda umekwisha, wajumbe wameshafunga makabrasha, na akidi inashikiliwa na watu wawili watatu ambao hawajaondoka. Diwani wa kata husika anasimama na kueleza kwa uchungu kwamba watu wake wanakabwa njiani jioni. Mwenyekiti anamshukuru. Mjumbe mmoja anashauri suala lipelekwe polisi. Karani anaandika "limepokelewa", kikao kinafungwa, na kikao kinachofuata hakuna anayeuliza lilipokelewa na nani.

Ninachoomba ni hiki: usalama wa mitaa yetu uwe kazi ya baraza kama zilivyo kazi nyingine, yenye fungu, yenye mhusika, yenye tarehe. Sehemu kubwa ya yanayotutia hofu iko tayari ndani ya ajenda yenu, ila imeandikwa kwa majina mengine. Imeandikwa taa, viwanja, vibali vya ujenzi, barabara, mifereji, leseni. Kila mara mnapopitisha au kuahirisha mojawapo ya hayo, mnaamua nani atembee kwa amani na nani akimbilie ndani giza linapoingia, hata kama neno usalama halikutamkwa ukumbini.

Najua jibu linalokuja kwanza, kwamba polisi hawako chini ya baraza. Katika miji mingi ni kweli. Lakini hata pale wanapokuwa chini ya jiji, ombi la "kuongeza doria" peke yake halijawahi kuwa dawa tunayoidhania. Kati ya 1972 na 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, walifanya jaribio ambalo kila diwani angefaa kulijua. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliondolewa doria ya kawaida, askari wakawa wanaingia pale tu wanapoitwa. La pili likaachwa kama lilivyokuwa. La tatu likaongezewa magari mara mbili hadi mara tatu. Jaribio lilipokwisha, uhalifu katika makundi hayo haukuwa na tofauti ya maana, na hofu ya wakazi vilevile. Wengi hata hawakutambua kwamba kuna kitu kilikuwa kimebadilika mtaani kwao.

Sisemi polisi hawana kazi. Askari anayejulikana kwa jina mtaani, anayefungua jalada na kulifuatilia mpaka mwisho, ni hazina. Ninachosema ni kwamba gari linalopita na kuondoka haliwezi kufanya kazi ya taa iliyozimika, wala ya pagale lisilo na mlango, wala ya mfereji ulioachwa wazi. Hizo ni kazi zenu, na hakuna kamanda wa polisi atakayewafanyia.

Nianze na taa, maana ndiyo inayotajwa kwanza kila wakazi wanapokutana. Mwaka 2016 Jiji la New York liliweka minara ya taa ya muda katika makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na makazi mengine yakaachwa yalivyo ili kulinganisha. Katika miezi sita ya ufuatiliaji, makosa makubwa yanayotendeka nje wakati wa usiku yalipungua kwa takriban 36% pale palipowekwa taa. Mabaraza mengi yanapenda matokeo kama hayo, na mengi huishia kwenye uzinduzi. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, mtaa unang'aa. Kisha kipindi cha matazamio cha mkandarasi, yaani muda anaowajibika kurekebisha kasoro, kinaisha, naye anaondoka na vifaa vyake. Ukienda kutafuta kwenye bajeti fungu la matengenezo, hulioni, au unakuta limeunganishwa na ukarabati wa majengo ya ofisi na limeshatumika huko.

Naomba mkae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo taa zinapokufa. Taa za umeme wa gridi zinahitaji mtu wa kulipa bili, na barabara ikiwa inagusa mamlaka mbili, yaani jiji na wakala wa barabara kuu, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Taa za sola hazina bili, lakini betri yake huchoka mapema kuliko paneli, na mkataba usiotaja nani atabadilisha betri ni mkataba wa giza la baadaye. Miti inakua na matawi yanaifunika taa inayowaka vizuri kabisa, na idara ya bustani haiongei na idara ya umeme. Nyaya zinaibwa kwa sababu mifuniko iliyoko chini ya nguzo imefungwa kwa skrubu ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Halafu kuna jambo dogo linalonisikitisha kuliko yote: nguzo hazina namba. Mkazi anapiga simu kusema taa haiwaki, anaulizwa iko wapi, anaeleza mti na kona na ukuta, na fundi akifika anaizunguka mitaa mitatu asiione. Nguzo ikiwa na namba iliyopakwa rangi usawa wa macho, na namba ya simu chini yake, taarifa inachukua dakika moja na haipotei. Sijui jambo jingine lolote ambalo baraza linaweza kufanya kwa rangi na brashi likaleta nafuu kubwa namna hii.

Viwanja vilivyotelekezwa na mapagale yanafuata. Kila kata ina mahali ambapo watu wanapapita mbio. Ni nyumba isiyokwisha iliyosimama miaka, au kiwanja kilichoota vichaka mpaka kimezidi kimo cha mtu. Huko Philadelphia, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyoachwa. Vingine vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao. Vingine vikaondolewa taka tu. Vingine vikaachwa vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika maeneo ya watu maskini, matukio ya bunduki yalipungua kwa 29% karibu na viwanja vilivyotunzwa. Wakazi walisema wanatoka nje kwa hofu ndogo zaidi kuliko awali. Hapakuwa na teknolojia ya ajabu. Kulikuwa na kufyeka, kupanda, na kurudi kufyeka tena.

Mabaraza mengi yana sheria ndogo zinazoruhusu kumwandikia mmiliki ilani, kumpa siku, na akishindwa kufyeka, jiji lifyeke na kumdai gharama. Ilani zinaandikwa. Hatua ya pili ndiyo haichukuliwi, kwa sababu mmiliki mara nyingine ni mtu mkubwa, na mara nyingine, niseme kwa uwazi, mmiliki ni baraza lenyewe. Viwanja vya umma vilivyotengwa kwa shule, zahanati au bustani na kusahaulika ndivyo vibaya kuliko vyote. Haifai kumwandikia ilani mjane mwenye kiwanja chenye nyasi ndefu wakati kiwanja cha jiji ng'ambo ya njia kimekuwa maficho ya vibaka. Orodha ya viwanja vya jiji vilivyotelekezwa, pamoja na tarehe ya kusafishwa kwa kila kimoja, ndiyo ianze, kisha twende kwa wengine.

Barabara nitazipitia haraka, ingawa zinaua wengi kuliko vibaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Shirika hilo linasema pia kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa 1% tu, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takriban 4%. Mji wa Oslo ulimaliza mwaka 2019 bila mwenda kwa miguu hata mmoja wala mwendesha baiskeli kufa barabarani, baada ya kushusha mwendo, kuondoa maegesho katikati ya mji na kutengeneza njia za baiskeli. Haya ni maamuzi ya baraza. Tuta mbele ya shule, kivuko kilichopakwa rangi upya, njia ya miguu isiyogeuzwa maegesho: hakuna hata kimoja kinachohitaji kibali cha kamanda.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kushika kalamu, nalo ni jinsi mlalamikaji anavyopokelewa.

Usiku wa Juni 14, 2017, jengo la Grenfell Tower huko London, lenye ghorofa 24 na mali ya halmashauri ya Kensington and Chelsea, liliwaka moto na watu 72 wakapoteza maisha. Moto ulipanda haraka kwa sababu kuta za nje zilikuwa zimefunikwa kwa vibao vyenye plastiki inayowaka, vilivyowekwa katika ukarabati uliokamilika mwaka mmoja kabla. Wakazi walikuwa wamelalamikia usalama wa moto katika jengo hilo kwa miaka kadhaa. Taarifa ya mwisho ya uchunguzi wa umma ulioongozwa na Sir Martin Moore-Bick, iliyotolewa Septemba 2024, ilisema vifo vyote vingeweza kuepukwa. Ilieleza pia jinsi shirika lililosimamia jengo kwa niaba ya halmashauri lilivyofika mahali pa kuwaona baadhi ya wakazi kuwa wakorofi, na uhusiano wa pande hizo mbili ukajaa chuki na kutoaminiana.

Waheshimiwa, nawaomba mwisome sehemu hiyo ya pili mara mbili. Kila baraza lina mtu wa namna hiyo. Ni yule mama anayeandika barua kila mwezi, yule mzee anayekuja na picha za chemba iliyo wazi, yule kijana anayeuliza maswali yaleyale kila kikao. Watumishi wanapomwona mlangoni wanatazamana. Wanasema, "Amekuja tena." Lakini amekuja tena kwa sababu chemba iko wazi bado. Mtu anayelalamikia jambo moja kwa miaka mitatu amewafanyia ukaguzi wa bure wa miaka mitatu, na barua zake zikiwekwa pamoja zinawapa kumbukumbu ambayo idara yenyewe haina. Huyu ndiye wa kupewa kiti mbele.

Kuna mfano mwingine, mzuri zaidi, na unatoka mji uleule. Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole na wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu kuwaita wazimamoto aliwekwa kwenye foleni na kituo cha simu. Alighadhibika akaandika barua gazetini. Serikali ikachunguza, na Juni 30, 1937 namba ya dharura 999 ikaanza kutumika London. Malalamiko ya mtu mmoja, yaliyochukuliwa kwa uzito na wenye mamlaka, yalibadilisha namna mji mzima unavyoomba msaada. Hicho ndicho wananchi wanachotafuta wanapowaandikia. Hawatafuti kuwaaibisha.

Lakini sikilizeni pia wale wasioandika. Vikao vya hadhara huhudhuriwa zaidi na wanaume wenye umri na wenye muda. Mwanamke anayetoka kazini saa tatu usiku hayupo. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hayupo, kwa sababu ukumbi una ngazi. Binti wa miaka 12 hayupo kabisa. Katika miaka ya 1990 wapangaji wa mji wa Vienna walitaka kujua kwa nini wasichana wanatoweka kwenye bustani za umma baada ya kutimiza takriban miaka 9. Waligundua kwamba bustani ilikuwa imegeuka uwanja mmoja mkubwa unaotawaliwa na wavulana, na wasichana waliona ni afadhali waondoke kuliko kushindana. Wapangaji wakaongeza njia, wakagawa sehemu, wakaweka viwanja vya michezo mingine, na wasichana wakarudi. Toronto nao, mwaka 1989, walianza utaratibu ambao miji mingi imeuiga: kundi la wanawake linatembea mtaani usiku likiwa na karatasi ya maswali, linaandika mahali penye giza, mahali pasipo na njia ya kukimbilia, mahali ambapo sauti ya kuomba msaada haitasikika na mtu. Kisha orodha inakabidhiwa kwa wenye mamlaka.

Naomba madiwani mtembee nao, kwa miguu, bila msafara. Muda uwe usiku, kwa sababu mtaa wa saa nne asubuhi si mtaa wa saa nne usiku, na ziara za kamati hufanyika asubuhi siku zote.

Baada ya kusikiliza, hesabuni. Mwaka 1992 daktari mmoja wa magonjwa ya jamii, Rodrigo Guerrero, alichaguliwa kuwa meya wa Cali, Colombia, mji uliokuwa ukilia kwa mauaji. Wengi waliamini yote ni ya magenge ya dawa za kulevya. Yeye aliuliza kama daktari anavyouliza: wanakufa lini, wapi, wakiwa katika hali gani? Ikaonekana mauaji yanajikusanya mwishoni mwa wiki, siku za sikukuu na siku za mishahara, na pombe ilikuwamo katika damu ya wengi. Mji ukazuia kubeba bunduki siku hizo na kubana saa za kuuza pombe. Utafiti uliochapishwa baadaye ulionyesha kwamba katika siku za marufuku ya bunduki mauaji yalikuwa pungufu kwa takriban 14%. Sisemi hatua hizo zihamishwe kama zilivyo. Ninachokitamani ni swali lake. Je, leo idara yoyote ya jiji inaweza kutuambia ni kona ipi watu wameporwa mara nyingi zaidi, saa ngapi, na taa iliyo karibu ilikuwa inawaka au la? Taarifa zipo. Ziko kwenye daftari la polisi, kwenye rejista ya hospitali, kwenye kitabu cha mwenyekiti wa mtaa, kwenye simu za idara ya umeme. Hakuna aliyezikalisha meza moja.

Nina hofu moja ambayo sitaificha. Mabaraza yakisukumwa kuhusu usalama, mara nyingi hukimbilia kuwaondoa watu. Wachuuzi wanafurushwa, vibanda vinabomolewa usiku, vijana waliokaa barazani wanakamatwa kwa kuzurura, na asubuhi inatangazwa kwamba mji umesafishwa. Mtaa uliosafishwa namna hiyo huwa mtupu, na mtaa mtupu ndio tunaouogopa. Yule mama mwenye meza yake pale kituo cha basi mpaka saa nne usiku ndiye anayemwona mtoto aliyepotea, ndiye anayepiga kelele mwizi anapomrukia mtu, ndiye anayejua sura ngeni. Mpangieni mahali, mpeni taa, choo na maji, na mtakuwa mmepata mlinzi asiyelipwa mshahara. Kumfukuza kwa jina la usalama ni kutunyang'anya usalama wenyewe.

Vivyo hivyo kamera. Wauzaji wake watakuja na maonyesho ya kuvutia, na nawaomba muwe wagumu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kamera husaidia zaidi kwenye maegesho ya magari na kwa makosa ya wizi wa mali; kwa vurugu na mashambulizi ya mwili, matokeo yake ni hafifu. Kamera isiyo na mtu wa kuitazama, isiyo na utaratibu wa nani anaruhusiwa kuona picha zetu na zinahifadhiwa siku ngapi, ni gharama na hatari kwa wakati mmoja. Kabla ya kupitisha zabuni ya kamera, tuonyesheni kwanza fungu la taa na la matengenezo yake.

Hayo yote yatabaki maneno kama utaratibu wenu wa kikao haubadiliki, na hapa naomba mnivumilie nikiingia kwenye mambo ya makaratasi. Huko Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wakazi walipewa nafasi ya kupanga kwa pamoja sehemu ya bajeti ya jiji katika mikutano ya mitaa, na maombi ya kwanza ya watu yalikuwa mifereji ya maji taka, maji safi na barabara za lami. Kilichowaleta watu mikutanoni mwaka baada ya mwaka ni kwamba waliona orodha: nini kiliombwa, nini kilikubaliwa, nini kimejengwa. Mtu akiona ombi lake limekataliwa kwa sababu iliyoandikwa, anakasirika lakini anarudi. Akiona limemezwa, harudi, na siku mkihitaji ushirikiano wake hamtampata.

Kwa hiyo kila lalamiko la usalama linaloletwa barazani lisiandikwe "limepokelewa". Liandikwe nini kimelalamikiwa, mahali gani, idara ipi inahusika, ofisa gani kwa cheo chake, fungu lipi, na tarehe gani atarudi na jibu. Kikao kinachofuata lisomwe kwenye Yatokanayo, mbele ya wananchi, hata kama jibu ni kwamba fedha hazijapatikana. Tarehe ikipita mara mbili, Mkurugenzi asimame aeleze. Na pale ambapo jambo ni la mamlaka nyingine, iwe polisi, shirika la umeme au wakala wa barabara, baraza liandike barua, nakala ya barua ibandikwe, na jibu likichelewa litajwe kwa jina la ofisi. "Si letu" lisiwe mwisho wa mazungumzo.

Mtaniambia jiji halina fedha. Naamini. Lakini bajeti ni kuchagua, na nimesoma makadirio ya kutosha kujua kwamba fungu la posho za vikao, safari na ukarabati wa ofisi halikosekani mwaka wowote. Ningependa kuona mwaka mmoja tu ambapo fungu la matengenezo ya taa linapitishwa kabla ya hayo, na halihamishwi katikati ya mwaka.

Ninyi madiwani wa upinzani na wa chama tawala, nawaombeni msiligeuze hili kuwa fimbo ya kuchapana. Giza halina chama. Diwani akileta hoja ya kata yake, wa upande wa pili amuunge mkono, kwa sababu mwezi ujao atakuwa yeye.

Kwa kikao kijacho naomba mambo machache yaingizwe kwenye ajenda, na yasiingizwe kwenye Mengineyo. Idara ya miundombinu ilete idadi ya taa za jiji kwa kila kata, zinazowaka na zisizowaka, na tarehe ya kuanza kuzipa nguzo namba. Idara ya ardhi ilete orodha ya viwanja vya jiji vilivyotelekezwa. Kila diwani apange tarehe ya matembezi ya usiku katika kata yake, atangaze mapema, na awaalike hasa wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Wananchi wapewe muda wa kuzungumza mwanzoni mwa kikao, kabla ya taarifa za kamati, wakati kila mjumbe bado yuko kitini.

Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi zote za kata na kutumwa kwa wenyeviti wa mitaa, ili asiye na simu naye ayasome.

Wenu katika ujenzi wa jiji letu,

Mkazi na mlipa kodi